Kupiga na Kuchaji: Maneno Mawili Tunayoyakana

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe 8 Julai haina jina, wala sijasikia malenga aliyeitungia hata ubeti mmoja. Siku hiyo, mwaka 2019, huko The Hague, majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walimtia hatiani askari mmoja kwa mashtaka yote 18 yaliyomkabili, matano ya uhalifu dhidi ya ubinadamu na 13 ya uhalifu wa kivita. Hukumu ile ina zaidi ya kurasa 500. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ndani yake yamo maneno ya Kiswahili yaliyoachwa kama yalivyo kwa sababu kuyatafsiri peke yake kusingetosha. Mawili kati yake ni haya: kupiga na kuchaji.

Niliyataja maneno hayo mbele ya watunzi wenzangu wa Geita na Shinyanga tulipokutana kughani mashairi ya Siku ya Kiswahili. Karibu kila aliyenitangulia alikuwa amekisifu Kiswahili kuwa lugha ya amani, lugha ya umoja, lugha isiyo na kabila wala damu mikononi. Nami nilikuja bila shairi. Nilisimama na maelezo ya kesi. Kabla sijafika mbali, mzee mmoja ninayemheshimu, aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa vidole, aliinua mkono na kusema, “Mwanangu, hicho si Kiswahili.” Wengi wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba hayo ni maneno ya Kongo, ya wanamgambo, na kwamba hadhira ya ushairi isitiwe najisi.

Sikujibu siku ile, maana mzee hajibiwi mbele za watu. Ninamjibu sasa, kwa adabu zote. Ninasema kwamba kauli hiyo ni kosa la lugha, na mbaya zaidi, ni kimbilio.

Kwanza tuijue kesi. Bosco Ntaganda alizaliwa Rwanda mwaka 1973, akawa askari katika vita zaidi ya kimoja. Mwaka 2002 na 2003 alikuwa naibu mkuu wa majeshi wa FPLC, tawi la kijeshi la chama cha UPC cha Thomas Lubanga, katika Ituri, mashariki ya Kongo. Alisimamia operesheni na mpangilio wa jeshi. Novemba 2002 jeshi lake liliuvamia Mongbwalu, mji wa dhahabu. Msomaji wa Geita ataona hapo kitu anachokijua: udongo ule, tamaa ile, wachimbaji wale wanaoshuka kwa kamba. Hata kampuni ni ileile. AngloGold Ashanti, yenye mgodi mkubwa hapa kwetu, ilikuwa na haki ya utafutaji wa madini Mongbwalu pia. Hatuko mbali na Ituri kama tunavyopenda kudhani.

Mahakama ilithibitisha kwamba huko Mongbwalu Ntaganda mwenyewe alimuua padri, Abbé Bwanalonga. Lakini sehemu kubwa ya hatia yake haikutokana na risasi aliyoipiga kwa mkono wake. Ilitokana na mipango aliyoshiriki kuipanga na maneno yaliyotoka kwa makamanda yakawafikia vijana wenye bunduki, wengine wakiwa hawajatimiza miaka 15. Februari 2003, wakati wa operesheni ya pili, hakuwepo Kobu ambako watu wasiopungua 49 waliuawa katika shamba la migomba. Hakuwepo, na bado aliwajibishwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30 Novemba 2019, na tarehe 30 Machi 2021 majaji wa rufaa wakaikubali hatia na adhabu.

Basi mtu anaulizwa: ulifanya nini ulipokuwa hukuwepo? Swali hilo la sheria ni la lugha vilevile. Mashahidi zaidi ya 100 walisikilizwa na pande zote kwa ujumla. Utetezi ulimchora mteja wake kuwa mwanajeshi wa nidhamu, mtu wa kulinda raia, ambaye adui yake alikuwa mwenye silaha tu. Naye mwenyewe alipanda kizimbani mwaka 2017 kujieleza. Ikawa lazima kuulizana, kwa uzito wote wa mahakama, askari wa FPLC walipoambiwa “kupiga na kuchaji” walielewa nini. Walipoambiwa “adui” walimwona nani?

Mfungulie mtu wa Katoro au Kahama neno kuchaji atakuambia ni kutia simu umeme, au ni fundi kukutoza bei kubwa. Ukilipeleka neno hilo kizimbani kwa maana hiyo, amri inakuwa kichekesho. Ama kupiga, nani katika sisi asiyelipenda neno hilo? Tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga mbizi, tunapiga moyo konde, na mtumishi anayeiba fedha za umma tunamwita mpigaji. Ni kitenzi chenye mikono mingi kuliko vyote tulivyonavyo. Wakili mjanja angeweza kuning’inia kwenye mkono wowote kati ya hiyo na kusema: mheshimiwa jaji, neno hili lina maana nyingi.

Majaji hawakuishia kwenye kamusi. Waliwasikiliza walioamriwa, wakawasikiliza walioamriwa dhidi yao, na wakatazama kilichotendwa baada ya neno kutamkwa. Wakahitimisha kwamba katika jeshi lile kupiga na kuchaji kulieleweka kuwa ni kuwashambulia Walendu wote, raia wakiwemo, na kupora mali zao. Neno adui nalo lilikuwa limepanuliwa mpaka likameza kabila zima, pamoja na mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Sasa niwaulize malenga: hii si kazi yetu ya kila siku? Tunaita fumbo. Tunafundisha vijana kwamba katika shairi la fumbo neno lina sura ya nje anayoiona kila mpita njia, na lina ndani inayojulikana kwa yule aliyetumiwa. Anayefumba hujua nani atafumbua. Mshairi wa kujibizana akimwambia mwenzake “jogoo wako kaparamia ua wangu”, kijiji kizima hujua kwamba hapana jogoo wala ua. Hatukubali aliyetunga aje kujitetea kwamba alizungumzia kuku. Tungemcheka! Amri ya vita imefumbwa kwa namna hiyohiyo, tofauti ni kwamba mfumbuaji wake ana bunduki. Watu waliolelewa katika fumbo ndio wangekuwa wa kwanza kuielewa kesi hii, kuliko wanasheria wa Ulaya waliohitaji miaka na wakalimani. Badala yake sisi ndio tuliosema, “Hicho si Kiswahili.”

Tukisema hivyo tunamfanyia kazi mtetezi bila malipo. Neno lisipokuwa la lugha yoyote, halina maana inayoweza kuthibitishwa. Na lisilo na maana halina mwenyewe.

Najua hoja itakayokuja: kuchaji si letu, lina harufu ya Kifaransa, na Wakongo wanakivunja Kiswahili. Lakini tumekubali meza na leso za Wareno, na nusu ya istilahi za ushairi wenyewe ni za Waarabu: shairi, bahari, mizani. Hatukuwahi kuyauliza maneno hayo pasi ya kusafiria. Mtunzi wa mwambao akilinyoosha neno ili atimize mizani tunasema ni mazida na tunampigia makofi. Mkulima wa Ituri akisema mukono tunasema amekosea. Na huyo Mkongo tunayemkana hayuko mbali. Tunayo Nyarugusu mbili nchini: moja ni ya wachimbaji, hapa Geita, nyingine ni kambi ya wakimbizi kule Kasulu, ambako Kiswahili cha Kongo kimezungumzwa tangu miaka ya 1990. Watoto wamezaliwa humo, wamekua humo, na lugha yao ya kwanza ya kumwita mama ni hicho tunachosema si Kiswahili.

Nimelitaja neno mukono kwa makusudi. Operesheni ile ya Februari 2003 ilijulikana kwa jina la Shika na mukono. Lisome polepole. Walendu waliokuwa wamekimbilia porini waliitwa kwenye kikao cha upatanisho mahali panapoitwa Sangi. Kwa lugha yetu, watu wakipatana hushikana mikono. Waliokwenda kwa nia hiyo walikamatwa kwa mikono hiyo, na wengine kati yao ndio walioishia katika migomba ya Kobu. Sijui tamathali ya kuliita jina lile. Tashtiti haitoshi, kejeli ni nyepesi mno. Ninachojua ni kwamba aliyelichagua alikuwa na sikio la lugha. Alijua Kiswahili vizuri kabisa, na alikijua katika mahali pake pazuri kuliko pote, pale pa kupatana.

Na kuna gudulia. Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanalipenda neno hili: chombo cha udongo chenye shingo, cha maji baridi ya kunywa. Ni neno la mapenzi, la kiu na kukatwa kiu. Mahakama ilielezwa kwamba wasichana waliokuwa ndani ya jeshi la FPLC waliitwa guduria, yaani chungu kikubwa ambacho kila mwanamume aweza kupakua. Ntaganda ndiye mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ile kwa utumwa wa ngono, na baadhi ya waathirika walikuwa askari wa kike wa jeshi lake mwenyewe, wengine watoto. Sitiari ile ilifanya kazi kabla ya mwanamume yeyote kufanya lolote. Ukishamwita binadamu chombo, swali linalobaki ni zamu ya nani.

Nilipofika hapo katika kusoma niliiweka hukumu chini nikatoka nje. Nilikuwa nimewahi kutunga shairi la mapenzi lenye gudulia ndani yake. Silighani tena.

Mzee wangu, na wenzangu mlioitikia, mnadhani jambo hili ni la huko ng’ambo ya ziwa? Tutazame kwetu. Katika ukanda huu wetu wa dhahabu, kuanzia miaka ya 2000 tuliwahi kuwa na neno fupi kuliko kuchaji. Tulisema dili. Mtu mwenye ualbino akipita njiani, kijana wa kijiweni alitamka “dili” na wengine wakacheka. Wakati huohuo imani ilienea kwamba viungo vya mtu huyo humpa mchimbaji bahati ya dhahabu na mvuvi bahati ya samaki. Dili ni neno la biashara, la furaha hata. Tunasema “nimepata dili” kwa kumaanisha kazi ya halali. Lakini lililengwa kwenye mwili wa mtu, na mwili ukawa bidhaa. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino huko Bukombe, wilaya ambayo siku hizo ilikuwa Shinyanga na sasa iko Geita. Waliohukumiwa ni wale walioshika panga. Waliolizungusha neno vijiweni, na waliolitikia kwa kicheko, hawakuitwa na mahakama yoyote. Nasi watunzi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukitunga kuhusu uzuri wa lugha.

Simaanishi kwamba mcheka kijiweni ni sawa na jenerali. Jenerali ana cheo, ana mnyororo wa amri, ana uwezo wa kuzuia na kuadhibu, na hapo ndipo sheria inapomshika. Msemaji wa mtaani hana hayo. Ninachosema ni kwamba neno linasafiri kwa njia ileile, na sisi tuliojipa kazi ya kulinda maneno tunapaswa kulisikia likipita.

Shinyanga ina funzo lingine katika jambo hili, nalo linahusu waliokuwa juu. Mwaka 1976 washukiwa waliokamatwa katika msako mkoani walipigwa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Mkono wake haukuwamo. Hakusema kwamba hakuwepo, ingawa kweli hakuwepo. Nikiviweka viwili hivi kando kwa kando, waziri anayetoka ofisini kwa matendo ya walio chini yake na kamanda anayekana matendo ya walio chini yake, naona kwamba tofauti yao inaanzia kwenye jinsi kila mmoja alivyolielewa neno langu. Askari wangu. Polisi wangu. Kimilikishi hicho tunakitamka kwa fahari siku za gwaride.

Nilijaribu kutunga. Nilisema nisije nikawalaumu wenzangu kwa kimya huku nami nikiwa kimya. Ubeti mmoja ndio uliotoka:

Neno likitoka kwako, hulirudishi kinywani,
Huvuka mto na mwiko, likaingia nyumbani,
Likazoa na mfuko, na gudulia rafuni,
Amri ni tungo yako, jibu lake barazani.

Mizani imetimia, vina vimekaa. Siupendi. Umekuwa safi mno, unatikisa kichwa vizuri mno, na mtu aliyekuwa Kobu akiusikia atajiuliza nilikuwa nachezea nini. Labda bahari hii ya mizani kumi na sita haiwezi kubeba jambo hili, au labda ni mimi ndiye nisiyeweza. Mwenye uwezo zaidi na ajaribu. Utenzi ungefaa: tangu zamani utenzi ulibeba vita, ukataja majina ya waliouawa na mahali walipoangukia, na haukuogopa urefu.

Ila msiniambie tena kuhusu najisi ya hadhira. Tunadai Kiswahili kitumike mahakamani, na mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili kiwe lugha ya mahakama. Tunafurahi kwamba Umoja wa Afrika umekikubali kuwa lugha ya kazi. Vizuri sana. Lugha ya mahakama ndiyo inayobeba ubakaji, uporaji, amri, kiapo cha uongo. Siku kesi kama ya Ntaganda itakaposikilizwa na kuandikwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na ninaamini siku hiyo itafika, jaji ataifungua kamusi yetu kutafuta kuchaji na atakuta betri ya simu.

Kwa hiyo nimeanza kuandika vidahizo, kwa mkono, katika daftari la kawaida, kwa nia ya kuvipeleka kwa watu wa kamusi. Kadogo: askari mtoto, neno la Kongo tangu vita vya 1996. Kuchaji: kupora mali ya watu walioshambuliwa, tazama piga. Mukono: mkono. Dili: hapa nimeandika maana ya biashara, kisha ya pili, na nimeweka Geita na Shinyanga kuwa mahali pa matumizi, maana haingekuwa haki kuitaja Ituri na kujificha sisi.

Katika gudulia ndipo nilipokwama. Maana ya kwanza ni rahisi, chombo cha maji. Ya pili niliiandika, kisha nikataka kuweka alama ya “sitiari” mbele yake kama desturi ya kamusi. Nilimpigia simu mzee wangu kumwomba ushauri. Yeye ndiye anayeyajua mambo haya, na ugomvi wetu haujafika huko. Nilimsomea. Alinyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema nisiandike sitiari. Akaniuliza kama ninao ukurasa wenyewe wa hukumu, nimpelekee ausome.